Orodha ya Wapangaji: Bunge la Kaunti ya Nakuru na Nyumba za Bei Nafuu

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliigawa kazi ya nyumba mafungu mawili: sera ya kitaifa ikabaki kwa serikali kuu jijini Nairobi, na nyumba zenyewe, pamoja na upimaji wa ardhi, ramani na mipaka, zikawekwa na Jedwali la Nne miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kifungu cha 43 cha katiba hiyo hiyo kinampa kila mtu haki ya kuwa na nyumba ya kutosha anayoweza kuipata, na usafi wa kiwango kinachokubalika. Kati ya haki hiyo iliyoandikwa na chumba anamolala mpangaji wa mtaa wa Kivumbini au Kaptembwo jijini Nakuru pana chombo ambacho wananchi wengi hukijua kwa jina kuliko kwa mamlaka yake, nacho ni bunge la kaunti, ambalo kwa Nakuru lina wawakilishi wadi 55 waliochaguliwa, pamoja na wale walioteuliwa na vyama. Namna bunge hilo linavyoikagua miradi ya nyumba, na hasa wakati linapoamua kuuliza maswali yake, ndiyo itakayoonyesha kama nyumba mpya zitawafikia watu waliokuwa wakiishi mahali hapo kabla ya tingatinga kufika.

Nakuru ulianza kama kituo cha reli, ukawa mji mdogo rasmi mwaka 1904, na tarehe 1 Desemba 2021 ukakabidhiwa hati ya kuwa jiji la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hatua hiyo ya mwisho iliwezekana kwa sababu Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilirekebishwa mwaka 2019, na idadi ya wakazi inayohitajika ili mji uwe jiji ikashushwa kutoka watu 500,000 hadi 250,000. Katika safari hiyo ndefu halmashauri za mji zilijenga mitaa ya kukodisha kwa ajili ya wafanyakazi, na majina ya mitaa hiyo yamebaki midomoni mwa wenyeji hadi leo: Kaloleni, Bondeni, Kivumbini, Flamingo, Kimathi, Lumumba, Abong'loweya. Inasemekana kwamba jina Nakuru lenyewe linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na ikiwa ni hivyo basi waliouita mtaa wao Kivumbini walilirudia jina la mji mzima kwa Kiswahili. Halmashauri za zamani zilipovunjwa baada ya uchaguzi wa 2013, mali na madeni yake yaliingia mikononi mwa kaunti, wapangaji nao wakarithiwa pamoja na kuta, ingawa mtaani nyumba hizo bado huitwa nyumba za kanjo, yaani za halmashauri.

Anayetaka kuelewa kinachobishaniwa afadhali aitazame nyumba moja ya aina hiyo kwa karibu. Kwa kawaida ni chumba kimoja katika safu ndefu ya vyumba vilivyogawana kuta, kilichokusudiwa hapo awali kwa mfanyakazi asiye na familia. Choo na bafu ni vya pamoja, mfereji wa maji uko uani, na jiko huwekwa mlangoni au kwenye kona iliyotengwa na kitanda kwa pazia. Watoto waliozaliwa chumbani humo wamekuwa watu wazima, na mara nyingi kibanda cha mabati kimeongezwa ubavuni ili kijana apate pa kulala. Mpangaji hulipa kodi ndogo kuliko ile ya ploti ya mtu binafsi, na kwa hiyo nyumba hiyo chakavu, ambayo mpita njia angeiona kuwa haifai, ndiyo inayomwezesha mama muuza mboga kuishi karibu na soko bila nauli ya kila siku. Mtu anapozungumzia kuibomoa na kuijenga upya anagusa mambo mawili kwa wakati mmoja, yaani ubovu wa jengo na unafuu wa maisha, na mkaguzi mwema ni yule asiyeliacha la pili kwa sababu ya la kwanza.

Mamlaka ya ukaguzi yenyewe si madogo. Kifungu cha 185 cha Katiba kinaliruhusu bunge la kaunti, huku likiheshimu mgawanyo wa madaraka, kuusimamia upande wa utendaji, yaani gavana, mawaziri wake wa kaunti na idara zao. Kifungu cha 195 kinalipa bunge hilo na kamati zake uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, kwa nguvu zilezile za Mahakama Kuu za kuwalazimisha mashahidi kufika, kuwahoji kwa kiapo na kudai stakabadhi. Kifungu cha 196 kinataka vikao viwe wazi na umma ushirikishwe. Kifungu cha 229 kinalitaka bunge kuijadili ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ndani ya miezi 3 baada ya kuipokea. Kwa hiyo kamati inayoshughulikia ardhi na nyumba inaweza kudai mkataba wa mradi, ramani ya ploti, tathmini ya thamani ya ardhi na daftari la wapangaji, na afisa anayekataa kuvitoa bila sababu ya kisheria huwa amekaidi wito wenye uzito wa kimahakama.

Ugumu umo katika kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, ili bunge liyapitishe kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Mradi wa nyumba hupenya katika nyaraka hizo ukiwa mstari mmoja tu, kwa mfano maneno kama «uendelezaji upya wa mitaa ya zamani» yakifuatiwa na tarakimu, na mstari huo ukishapita mwezi Septemba bila swali huwa umekwisha kupata miguu: mwezi Aprili utahesabiwa kuwa jambo lililokubaliwa, na ripoti ya ukaguzi wa hesabu itakapowasili msingi utakuwa umechimbwa. Hoja zinazotikisa ukumbi na kupata nafasi magazetini huletwa mara nyingi wakati huo wa mwisho, ambapo kinachoweza kuokolewa ni fedha kidogo, huku lawama zikiwa nyingi. Mwakilishi anayeuliza mwezi Septemba ni nani wanaoishi kwenye ardhi hiyo, na watalala wapi ujenzi ukiendelea, anafanya kazi isiyopigiwa makofi, lakini ndiyo kazi inayomfaa mpangaji.

Juu ya ugumu huo limekuja tabaka jingine. Tozo ya nyumba, ambayo ni makato ya asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi kabla ya makato mengine, pamoja na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri, ilianzishwa na Sheria ya Fedha ya 2023, ikatangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba tarehe 28 Novemba 2023, kisha ikarejeshwa na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini tarehe 19 Machi 2024. Mfanyakazi wa shamba la maua huko Naivasha, katika kaunti hiyohiyo ya Nakuru, mwenye mshahara wa shilingi 15,000 hukatwa 225 kila mwezi, na mwajiri wake huongeza 225 nyingine. Fedha hizo hukusanywa kitaifa na kusimamiwa na bodi ya kitaifa, ilhali ardhi ya kujengea mara nyingi ni ya kaunti, na watu walio juu ya ardhi hiyo ni wakazi wa kaunti. Hivyo bunge la Nakuru linajikuta likikagua nusu ya jambo: mkoba wa fedha uko mbele ya Bunge la Taifa na Seneti, lakini malalamiko huja katika ofisi ya mwakilishi wadi, asubuhi, yakiwa yamebebwa na mtu mwenye risiti za kodi mkononi.

Hata hivyo nusu hiyo iliyobaki ina uzito mkubwa. Ardhi ya umma iliyo mikononi mwa kaunti haiwezi kuingizwa katika mradi bila kaunti kuitoa, na hapo ndipo bunge lina nafasi ya kuweka masharti. Sheria hiyo ya 2024 pia imeunda kamati za nyumba katika kila kaunti, na kuzipa kazi ya kuandaa mipango ya nyumba ya kaunti, ikiwemo ya miaka 5. Mpango wa aina hiyo ndio mahali pa kuandika, kwa lugha isiyopindika, idadi ya nyumba zitakazotengewa watu wa kipato cha chini, haki ya mpangaji wa zamani kurudi, na kodi atakayolipa akirudi. Ahadi inayotolewa jukwaani huondoka na msafara wa aliyeitoa. Iliyopitishwa na bunge huingia katika hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za maneno ya wabunge, na inaweza kupelekwa mahakamani.

Maneno «bei nafuu» nayo yanahitaji kupimwa. Sheria imezigawa nyumba kwa kipato cha anayelengwa: nyumba ya kijamii ni ya mtu anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, nyumba ya bei nafuu ni ya anayepata kati ya 20,000 na 149,000, na iliyobaki ni ya tabaka la kati linalopata zaidi ya hapo. Pengo kati ya kipato cha 20,000 na cha 149,000 ni kubwa mno kuitwa jina moja, kwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi na meneja wa benki wanaweza wote kuingia humo na kugombea mlango uleule. Zaidi ya hayo, mtu wa kipato cha kubahatisha, yaani kinyozi, fundi baiskeli au mchuuzi wa mitumba, hana karatasi ya mshahara ya kuonyesha yuko kundi gani. Kamati ya bunge ikiambiwa kwamba mradi una nyumba mia kadhaa za bei nafuu, haijaambiwa neno lolote kuhusu muuza mboga wa Bondeni mpaka iulize ngapi kati ya hizo ni za kijamii, na anayesubiri kwenye foleni ya hizo za kijamii anatoka mtaa gani.

Mradi wa Bondeni, ulio upande wa mashariki wa jiji, ndio mfano ulio karibu zaidi. Ni mkusanyiko wa majumba ya ghorofa yenye nyumba 605, uliojengwa kwa ushirikiano wa serikali ya kaunti, serikali ya kitaifa na mwekezaji wa kibinafsi, na ulianza chini ya utawala wa gavana Lee Kinyanjui na kuendelea chini ya mrithi wake Susan Kihika, aliyeingia ofisini 2022. Idadi hiyo ya 605 imetajwa katika hotuba nyingi, na ni jambo jema kwamba majengo yamesimama, kwa maana Nakuru imeshuhudia mipango mingi ya nyumba iliyoishia kwenye michoro. Lakini idadi ya nyumba hupima kazi ya mjenzi. Kazi ya sera hupimwa kwa majina: nani amehamia, alikuwa akiishi wapi, alikuwa akilipa kodi kiasi gani na sasa analipa kiasi gani, na kama bado anaishi humo au ameikodisha kwa mwingine baada ya miaka 3. Wizara inaweza kuzitoa takwimu za saruji na milango kwa furaha. Orodha ya majina huifichua dhamira, na ndiyo ambayo bunge linapaswa kuidai.

Afrika Mashariki ina mfano unaoonyesha orodha inavyofanya kazi. Magomeni Kota, jijini Dar es Salaam, ulikuwa mtaa wa nyumba za zamani za umma ambao wakazi wake waliondolewa na nyumba zao zikabomolewa, wakakaa miaka mingi wakisubiri bila kujua hatima yao. Kaya zao zilijulikana kwa idadi kamili, 644, na wenyewe waliishikilia idadi hiyo katika kila kikao na kila ombi. Rais John Magufuli alipoahidi kwamba watajengewa, ahadi yake iliwahusu watu waliohesabiwa, na Rais Samia Suluhu Hassan alipoyazindua maghorofa mapya mwaka 2022, waliorudi walikuwa wale 644. Mgogoro wa Magomeni haukukosa machungu, kwa kuwa wapo waliofariki wakisubiri, lakini mtu hakuweza kuingizwa au kutolewa kimyakimya kwa sababu kila mtu aliijua hesabu. Nakuru ina mitaa mikubwa zaidi na wapangaji wengi zaidi, jambo ambalo huongeza haja ya hesabu.

Magharibi mwa jiji hali ni tofauti. Rhonda na Kaptembwo hazikujengwa na halmashauri. Ni ploti za watu binafsi, vyumba vya mawe au mabati vilivyozunguka ua mmoja, na landilodi anaweza kuishi humohumo au asionekane mwaka mzima. Sheria ya Kudhibiti Kodi, ya enzi za ukoloni na ambayo bado imo vitabuni, huwalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho mfumuko wa bei umekiacha nyuma kiasi kwamba wapangaji wengi wa vyumba viwili hawamo tena ndani ya ulinzi huo. Huko bunge la kaunti halina nyumba za kugawa, lakini lina maji, mabomba ya majitaka, barabara, taa na vibali vya ujenzi, na lina sababu ya kuwa kali kuhusu vibali kwa kuwa udongo wa Nakuru, uliotokana na majivu ya volkano ya Menengai na kupasuliwa na nyufa za Bonde la Ufa, umewahi kudidimia baada ya mvua kubwa na kuacha mashimo katikati ya makazi. Shilingi iliyotumika kupeleka bomba la majitaka Rhonda huenda ikawafaa watu wengi kuliko shilingi iliyotumika kwenye lifti ya ghorofa mpya, na kamati inayozilinganisha mbili hizo itakuwa imeifanya kazi ambayo mjenzi hawezi kujifanyia.

Kuna kundi jingine la wakazi ambalo halimo katika mjadala wa maghorofa. Ziwa Nakuru na Ziwa Naivasha zimepanda kwa zaidi ya muongo mmoja, na maji yamezifuata nyumba za watu hadi Mwariki na Barut kwa upande wa Nakuru na Kihoto kwa upande wa Naivasha, ambako familia zimelazimika kuondoka kwa mitumbwi zikiacha vyoo na visima vimefunikwa. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 mafuriko yaliyoshuka kutoka milimani yaliwaua makumi ya watu Mai Mahiu. Miaka 6 kabla ya hapo, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la Patel lilipasuka huko Solai na kuua watu wasiopungua 47. Msaada baada ya majanga kama hayo huja kwanza kama mablanketi na unga, kisha kama kodi ya miezi michache, kisha hunyamaza. Bunge la kaunti lina ratiba ya kuuliza katika kila robo ya mwaka, kwa sababu idara hulazimika kutoa ripoti za matumizi kila baada ya miezi 3, na swali la wapi walipo waliohamishwa linaweza kurudiwa mara 4 kwa mwaka mpaka lipate jibu.

Misaada mingine kwa wakazi ina mipaka inayobishaniwa. Mnamo Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti aliziandikia kaunti akisema kwamba basari za shule za sekondari na vyuo ni kazi ya serikali kuu, na kwamba kaunti haziwezi kuzigharamia bila mkataba rasmi kati ya ngazi mbili za serikali. Magavana walipinga, na jambo hilo likafika mahakamani. Kwa familia ya mpangaji hayo si mabishano ya wanasheria tu, kwa sababu karo na kodi hutoka mfuko mmoja, na mwezi ambao basari imechelewa ndio mwezi ambao mwenye ploti hufunga mlango kwa kufuli. Kamati ya nyumba na kamati ya elimu hukaa vyumba tofauti katika bunge, lakini taabu wanayoijadili ni ya nyumba moja.

Mkazi naye ana mlango wa kuingilia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi bungeni kuhusu jambo lililo chini ya kaunti, na ombi hilo, likiandikwa kwa utaratibu unaotakiwa na kutiwa saini, hupelekwa kwa kamati inayohusika. Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inataka notisi ya angalau miezi 3 kabla ya watu kuondolewa kwenye ardhi wanayoikalia bila idhini, na Mahakama ya Juu, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, iliamua Januari 2021 kwamba haki ya nyumba ni haki inayoweza kudaiwa mahakamani. Uingereza ilijifunza kwa gharama ya kutisha kinachotokea wakazi wanapoandika na wasisikilizwe: kabla ya moto wa jumba la Grenfell, London, ulioua watu 72 tarehe 14 Juni 2017, wapangaji walikuwa wamelalamika mara kwa mara kuhusu usalama wa jengo lao, na nchi ile ilipitisha sheria mpya ya usimamizi wa nyumba za kijamii mwaka 2023, baada ya makaburi.

Hivyo swali la kwanza ambalo kamati inaweza kuliuliza kuhusu mtaa wowote wa zamani wa Nakuru, kabla ya michoro na kabla ya jiwe la msingi, ni la daftari. Katika nyumba za umma za namna hii jina lililo kwenye risiti huwa mara nyingi la baba aliyekwisha kufariki, aliyeajiriwa na halmashauri au na reli miaka ya nyuma, na anayelipa sasa ni binti yake, au mpwa, au mtu aliyekodishiwa na mpwa. Ofisi ikiyasoma majina ya risiti pekee, binti huyo atahesabiwa kuwa hayupo, ingawa amezaliwa chumbani humo na ndiye anayefagia ua kila asubuhi. Kumtuma karani apite mlango kwa mlango na kuandika ni nani anayelala wapi, kisha kuibandika orodha hiyo ukutani kwenye ofisi ya wadi kwa muda wa kutosha ili majirani waisahihishe, kunagharimu kidogo kuliko mchoro mmoja wa msanifu majengo.